Dole kwenye Barafu

1

Povu lilitoka pembeni.

Nilikuwa nimeinama juu ya beseni, mwanangu Tumsifu amelala mgongoni, mkono wangu kwenye pampu na macho kwenye mshale wa kipimo. Mshale ulikuwa haujafika hata namba mbili. Pua nzima, kigae cha kuchuja hewa ya nyumba, hukaa kimya mpaka namba nne. Hewa inasukuma kutoka chini, maji yaliyolala kwenye vinyweleo yanakataa kuipisha, na juu ya kigae unaona maji yametulia kama chai iliyosahaulika mezani. Hii haikungoja. Kilitoka kipovu kimoja, kikafuata cha pili, halafu uzi mzima ukawa unapanda kutoka kona ya chini kulia, kama mtu anayeongea ndani ya maji.

Nikaachia pampu. Nikapampu tena. Kona ileile.

Pua hiyo ilikuwa ya Eliakunda, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Aliileta asubuhi ile ameikumbatia na fremu yake, na kule kwake tundu la ukutani aliliziba kwa blanketi.

"Mama Tumsifu, sijui hata nisemeje," aliniambia. "Nyumba ina ladha ya chuma. Nikiamka ulimi mzito. Na Naetwe anakohoa tangu juzi."

"Kikohozi cha makohozi?"

"Kikavu. Kama paka."

Naetwe, mwanawe, ana miaka miwili. Mama yake alifariki akimzaa. Nilimwambia Eliakunda aiache, nitaipima.

Kikohozi cha paka kila mtu hapa Ngulu Mpya anakijua. Kabla mimi sijazaliwa walitandaza Mwavuli angani, chembe ndogondogo za kupunguza makali ya jua, na jua kweli likapungua, mvua zikarudi miaka sita. Halafu chembe zikachoka kukaa juu. Sasa zinashuka kila kaskazi, laini kuliko unga wa ngano, na kwa vile zinaanguka kama uchafu wa kichwani watu wakaziita mba. Jina la utani. Mtu mzima mba inamkohoza miaka mingi. Mtoto mdogo haimpi miaka.

Ndiyo maana nyumba zetu hazina dirisha la kufunguka. Kila nyumba ina pua moja, kigae kinene kama mkate, kimepachikwa ukutani, na feni ndogo ya darini inavuta hewa yote ya ndani kupitia humo. Na pua zote tunazitengeneza sisi, wanawake kumi na wanne, hapa kiwandani.

Sasa sikiliza. Siku zote tunapima katikati ya kigae tu, maana kikombe cha kupimia kinakaa katikati. Kingo zilikuwa zinamezwa na fremu, nani angehangaika nazo? Ila mwaka huu zililetwa fremu mpya, nyembamba, tukazifurahia kwa sababu kigae kinapumua kwa upana zaidi. Siku hiyo, kwa kuwa Eliakunda alileta pua na fremu yake, niliizamisha vilevile ilivyo. Ndipo kona ikasema.

Nikaikausha kwa ncha ya kanga, nikaisogeza kwenye mwanga. Palikuwa na alama ya dole gumba, imebonyea kidogo, na mstari wa kovu umekatiza katikati.

Kovu hilo nililipata nikimenya mihogo nikiwa na miaka tisa. Nikageuza mkono wangu, nikalitazama.

2

Mhandisi Kajiru ana miaka kama arobaini na tano na mvi za mtu wa sabini. Aliweka kipande cha ile kona chini ya hadubini, akaanza kuzungusha lenzi. Nilisimama mlangoni nikimbembeleza Tumsifu, ambaye alishaamka na anataka ziwa.

"Mnyonyeshe tu, kaa hapo," alisema bila kuinua kichwa. Halafu: "Njoo uone."

Nikaona msitu. Ndivyo kigae chetu kilivyo kwa ndani, na mimi kila nikiuona huwa nasisimka. Bibi zetu walichanganya udongo na pumba za mpunga, pumba zikaungua tanurini zikaacha matundu, ukapata chujio zuri la maji ila kwa mba ni mlango wazi. Wakaja wengine wakachovya sifongo la godoro kwenye uji wa udongo, wakalichoma, likabaki jiwe lenye matundu ya sifongo. Hilo tunaliweka nje, likamate majani na wadudu. Lakini pua yenyewe tunaitengeneza kwa barafu. Unamimina uji wa udongo mweupe kwenye kalibu, unaiweka juu ya bati la baridi kali, na barafu inaota kutoka chini kwenda juu kama nyasi. Inapoota inasukuma udongo pembeni. Kisha unaingiza kalibu kwenye chumba kisicho na hewa, barafu inageuka mvuke bila kupita kwenye maji, na zile nyasi zinaondoka zikiacha nafasi zao tupu. Ndipo unachoma. Mwalimu wetu wa jioni alituambia: mnachofanya ninyi ni kuchoma kivuli cha barafu.

Chini ya hadubini nyasi zilikuwa zimesimama vizuri, safu kwa safu. Katikati yao ulipita mtaro.

"Kitu cha moto kiligusa hapa wakati barafu imeshaota," alisema Kajiru. "Ikayeyuka, maji yakatiririka katikati ya nyasi mpaka chini, yakaganda tena vibaya. Mba inapita hapo imebeba mizigo. Kitu gani cha moto kinagusa vigae vyenu kabla ya kile chumba kisicho na hewa?"

Nilijua. Naye alijua, nadhani, alitaka tu niseme mwenyewe.

Kwa Wapare wafinyanzi chungu hakitoki mkononi bila dole, alama ya dole gumba la mfinyanzi. Mama Niendiwe, mkuu wetu, alirithi hivyo kwa mama yake, na mama yake kwa bibi. Na akiwepo mama anayenyonyesha, basi dole ni lake yeye, kwa vyungu vyote, maana mkono wake una pumzi ya kugawa. Mwaka huu mama anayenyonyesha nilikuwa mimi peke yangu. Nilipita meza kwa meza, Tumsifu mgongoni, nikibonyeza kona ya kila kigae kilichotoka kwenye bati la baridi, na wenzangu wakipiga vigelegele na kunitania: "Bonyeza, bonyeza, kigae kisije kikatoka na pua iliyoziba!"

"Ni dole langu," nilisema.

"Vingapi?"

"Vyote. Mia tatu na kumi."

Mia tatu na kumi ni mji mzima.

Kajiru akavua miwani. Mhandisi akiogopa, wewe uliyesoma jioni ufanye nini? Nje, kipaza sauti cha mnara kikakohoa, kikatangaza kwa mara ya pili siku hiyo: wimbi la mba linatoka kaskazini, zito kuliko yote ya msimu, litafika saa tisa alasiri. Watu wakae ndani.

Wakae ndani! Saa ya ukutani ilisema saa nne na robo.

"Mhandisi, tuwaambie sasa hivi. Piga king'ora."

"King'ora." Alilitamka neno hilo taratibu. "Mwaka jana ulikuwa wapi kilipolia?"

Nilikuwa nyumbani, nina mimba. Uvumi ulisema pua zimepasuka, king'ora kikalia, mji ukakimbilia handaki la shule. Handaki linaingiza watu mia mbili. Sisi tuko elfu moja na nusu. Mlangoni walikufa kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeuawa na mba. Mmoja wao alikuwa mama mzazi wa Kajiru.

"Nilimtoa chini ya miguu ya watu mimi mwenyewe," alisema. "Alikuwa na alama ya kiatu hapa." Akagusa shavu lake. "Leo nikiwaambia, kumi na mmoja itakuwa idadi ya dakika ya kwanza. Nikinyamaza, wimbi litapita. Watu watakohoa. Wengi watapona."

"Na watoto?"

Alifungua kabati, akatoa kigae kilichofungwa kwenye gazeti. Kilikuwa cheupe, safi, kona zake zote nne laini.

"Kigae cha kipimo. Nilikichukua kwenye bati kabla hamjakigusa. Hiki ndicho pekee kisicho na dole." Akakisukuma kwangu juu ya meza. "Chukua. Umepakata mtoto wa miezi minane. Hukusikia kitu hapa, na mimi sikukuona."

Ningependa kusema nilikataa. Nilikichukua. Nilikichukua haraka, kabla hajabadili mawazo, nikakiingiza kwenye mbeleko chini ya makalio ya mwanangu, nikasema, "Asante, Mhandisi. Mungu akubariki." Mdomo wangu ndio uliosema hivyo.

3

Getini nikakutana na Mama Niendiwe, amejifunga kitambaa kichwani, mikono imejaa unga mweupe mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mgongo umevimba hivyo? Umebeba mapacha?"

"Nepi, Mama."

"Nepi zinagonga ngo-ngo?" Akacheka. "Haya, nenda kamlaze mjukuu wangu, saa tisa isikukute njiani."

Nilitembea nikihisi kigae kinanigonga mgongoni kila hatua. Barabarani watu walikuwa wanafanya mambo ya siku ya wimbi: wanaanua nguo, wanajaza ndoo, wanaita watoto. Mtoto mmoja alikuwa anatoka mlangoni kwao, na kabla ya kutoka akainua mkono akagusa kona ya pua, kwenye dole. Watoto wote wa huku wanafanya hivyo, tumewafundisha sisi. Sura ya dole inaelekezwa ndani ili waione. Nikageuza uso.

Nyumbani nilimlaza Tumsifu mkekani, nikachomoa pua yetu. Nikaviweka viwili sambamba kwenye beseni, chetu na kile safi. Baba yake yuko machimbo ya udongo wiki mbili, hakuna wa kuniuliza ninafanya nini. Nilitaka kuhakikisha tu. Nilikuwa naomba kwamba labda kwetu sikubonyeza sana, labda siku ile mkono wangu ulikuwa wa baridi.

Sikuwa na pampu, nikapuliza kwa mdomo na mpira wa jiko la gesi. Kipovu. Kipovu. Uzi.

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Nafikiri ni hasira, kama unavyomziba mtu mdomo. Niliweka dole langu pale kwenye alama. Lilikaa sawasawa, kovu juu ya kovu. Nikapuliza mpaka masikio yakaniuma, na maji hayakutikisika.

Nilikaa kitako nikitazama mkono wangu. Upande wa pili wa ukuta Naetwe akakohoa kama paka.

Hodi ikabishwa. "Mama Tumsifu! Umeipima ile pua?" Eliakunda alisimama mlangoni, kofia mkononi, macho yake yameshaingia ndani mpaka kwenye beseni. "Samahani nakusumbua. Ni kwamba kule kwangu kuna blanketi tu, na wamesema saa tisa."

Tundu la nyumba yake. Wallahi nilikuwa nimelisahau. Pua yake iko mezani kwa Kajiru, imekatwa kona.

Kile safi kilikuwa kinang'aa majini. Nilimtazama Tumsifu mkekani, anakamata vidole vyake vya miguu, anavicheka. Nilimtazama yule baba. Nikijaribu kukumbuka sasa nilikuwa nafikiri nini, sikumbuki wazo lolote, nakumbuka tu kwamba mikono ilikuwa inateleza nilipokitoa majini na kumpa.

"Kipachike sasa hivi. Usimwonyeshe mtu."

"Mbona hakina dole?"

"Ndiyo uzuri wake," nilisema. "Eliakunda, hizi nyingine zote zinavuja. Nimeziharibu mimi."

Niliona hofu inampanda kutoka shingoni, niliona miguu yake inageukia upande wa shule, kwenye handaki. Nikamshika mkono.

"Usikimbie! Ukikimbia wewe watakimbia wote. Kuna dawa: kona zinazibika kwa nta. Nenda kapachike, halafu niazime mishumaa yako."

4

Nilipomweleza kiwandani, Mama Niendiwe hakunipiga, ila alinyanyua mkono.

"Dole linaua? Unaniambia mimi dole linaua? Mama yangu aliweka dole kwenye kila chungu mpaka siku anaingia kaburini, na hakuna aliyekunywa maji yake akafa!"

"Chungu cha bibi kilikuwa tope, Mama. Tope halijali joto. Hiki chetu ni barafu."

Wanawake wengine walikuwa wameacha kazi. Saa sita na nusu. Nilichomoa pua ya ukuta wa kiwanda, nikaizamisha yote kwenye beseni, nikampa pampu yeye mwenyewe.

"Sukuma, Mama."

Alisukuma. Alitazama uzi wa vipovu ukipanda kutoka kwenye kona, akasukuma tena, polepole, kama mtu anayemwinua mgonjwa. Kisha akaweka dole lake juu ya alama yangu. Vipovu vikakata.

Alijifuta mikono, akauliza, "Nta ya kupaka kalibu imebaki kiasi gani?"

"Ndoo moja na nusu."

"Itatosha nyumba mia mbili. Na mishumaa?"

Kajiru alikuja mbio aliposikia kelele, uso umempauka. "Mmewaambia? Nani amewaambia? Mtawaua mlangoni pale, mtawaua!"

"Hakuna mlango, baba," alisema Mama Niendiwe. "King'ora kinamwambia mtu kimbia bila kumwambia wapi. Sisi tutabisha hodi. Mtu akiambiwa na mtu anayemjua, tena ameshika dawa mkononi, hakimbii. Tuko kumi na wanne, kila mmoja ana mitaa yake. Wewe nenda mnarani, saa nane na nusu uwaambie kwa upole wakague kona. Asiye na nta aweke dole, asitoe mpaka wimbi lipite. Unaweza kusema kwa upole?"

Kajiru alitazama mnara. "Sijui."

"Basi jizoeze njiani."

5

Nilibisha nyumba ishirini na tatu. Tumsifu mgongoni, kopo la nta mkononi, nasema maneno yaleyale: mimi ndiye niliyeharibu, paka hapa, shindilia, laza moto wa mshumaa juu yake, usiende popote. Mwanamke mmoja alinitemea mate miguuni. Mzee mmoja alinishika kichwa akaniombea. Mlango mmoja haukufunguliwa, nikapiga kelele kwenye tundu la ufunguo mpaka sauti ikakauka. Mbingu ya kaskazini ilikuwa imeshageuka rangi ya bati la zamani. Mtu mmoja tu nilimwona anakimbia kuelekea shule, na jirani yake alimwita kwa jina, akasimama, akarudi.

Saa nane na dakika hamsini nilifika kwangu. Kopo lilikuwa tupu. Nta ya mwisho niliiacha nyumba ya jirani yenye watoto watano.

Nilirudisha pua yetu ukutani, nikaburuta kiti, nikamfunga Tumsifu kifuani ili nimwone. Nikaweka dole.

Kwanza kilikuja kimya. Ndege wakanyamaza, mbwa wakanyamaza. Kisha sauti kama mchanga unapepetwa kwenye ungo, mbali, halafu karibu, halafu juu ya paa. Mwanga wa mlango ukawa wa kahawia. Chini ya ngozi ya dole nilihisi ile njia inanivuta, mdomo mdogo unaonyonya, kama mwanangu anavyonyonya, ila huu baridi. Nilikuwa nanusa. Kila sekunde nilikuwa nanusa kutafuta chuma. Sauti ya Kajiru ilitoka mnarani ikiwa imekatikakatika, lakini ilikuwa ya upole kweli: "Wekeni dole, ndugu zangu. Msitoe. Hata mimi nimeweka."

Nyumba za safu yetu ni ishirini na mbili, zimeshikana kuta. Mama Niendiwe alisema: wimbi likikaza, anzieni mwanzo wa safu, gonga ukuta mara tatu, anayefuata naye agonge, mpaka mwisho, kisha irudi, tujue nani anapumua. Nilisikia hodi ikija. Upande wa Eliakunda, ngo ngo ngo, na nyuma ya kugonga hakuna paka anayekohoa, au niliziba masikio yangu kwa matumaini, sijui. Nikagonga kwa kiwiko, nyumba ya tano. Ikaenda. Nikahesabu kwa midomo. Kumi na mbili. Kumi na saba. Ishirini na moja, mbali, kama mtu anayegonga kwenye ndoto.

Ishirini na mbili ni nyumba ya Mama Niendiwe. Anaishi peke yake. Alichukua mtaa wa juu, ule mrefu kuliko yote, akasema ana miguu.

Kimya.

Tumsifu alikuwa anasinzia, pumzi yake inanipiga shingoni, safi, yenye harufu ya maziwa. Nilihesabu pumzi zake kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kuhesabu. Kumi. Thelathini. Nilifikiria nitoe mkono, nikimbie nyumba kumi na saba, nimbebe mgongoni. Nilimtazama mwanangu. Dole likabaki palepale, na machozi yakawa yananidondoka nisiweze hata kuyafuta.

Ndipo ikaja. Haikuwa ya ngumi. Ilikuwa ya kigae kinachogongwa ukutani, kwa ule mlio wa juu anaousikiliza kila asubuhi kabla ya kusema hiki kizima, hiki kimepasuka. Mara moja. Halafu kikohozi kirefu, kikavu, kilichosafiri nyumba hadi nyumba. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Ishirini na moja ikajibu. Ishirini. Hodi ikawa inarudi kwetu, ukuta kwa ukuta, nami nikaandaa kiwiko changu. Nje wimbi lilikuwa bado linapepeta. Dole langu lilikuwa limekufa ganzi mpaka kwenye kifundo, jeupe kama kigae. Sikulitoa.